Dadu Chini ya Kiatu

Ndiyo, alikuwa Mama Mkwe. Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Miwani nyuma ya pazia, jicho moja kwenye upenyo, na wapo wasomaji waliotumaini kwamba ameona vibaya. Wanasahau kazi yake. Mtu anayeshinda dukani akipima macho ya watu na kukata vioo vya miwani hawezi kumfananisha mama wa mume wake na mtu mwingine, hasa akiwa amekaa safu ya mbele, kiti cha katikati, mkoba mapajani.

Asubuhi ileile alikuwa amemwacha nyumbani, mguu juu ya kigoda, akilalamikia goti. Sasa goti hilohilo lilikuwa limepanda ngazi zote za ukumbi wa chuo cha ufundi, na mwenye goti alikuwa amevaa fulana ya njano yenye picha ya Bi Kipara kifuani.

Fundi aliachia pazia.

Kwa wewe uliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikudokeze haraka. Bi Kipara si mtu wa kweli. Ni mhusika wa mchezo wa mezani: watu wachache wanakaa, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anaigiza mtu wake, na penye mashaka dadu ya pande ishirini inaamua. Hao ni watu wazima, wana kazi zao na wengine wana vyeo. Ligi imepanga meza za namna hiyo katika miji chungu nzima, zote zikicheza kisa kimoja cha Mji wa Chumvi na kurekodiwa ili mashabiki wasikilize, na mhusika akifa amekufa. Humkuti mwezi ujao kwenye meza nyingine akidai alikuwa amezimia tu. Sura ya mwisho ya msimu huchezwa jukwaani, mbele ya watazamaji waliokata tiketi, na meza zote hufuata kilichoamuliwa pale.

Bi Kipara, jambazi kikongwe mwenye ulimi wa wembe, ndiye kipenzi cha Ligi nzima. Watu wanamwiga maofisini. Mabosi wamesonywa kwa mtindo wake bila kujua wamesonywa na nani.

Siri ya Fundi ilikuwa moja tu, lakini nzito. Bi Kipara hakumbuni. Alimbeba mzimamzima kutoka sebuleni kwake.

Ule msonyo mrefu ulikuwa wa Mama Mkwe. Kile kikohozi kidogo cha kusafishia njia kabla tusi halijatoka kilikuwa cha Mama Mkwe. Hata ule msemo ambao ukumbi mzima huuitikia kwa pamoja, "Mwenye nyumba haombi kiti", Mama Mkwe aliusema siku aliyohamia kwa mwanawe, akakalia kiti cha Fundi mbele ya televisheni, na hadi leo hajakiachia. Kila alichovumilia mkwe wake kati ya Jumatatu na Ijumaa alikipeleka mezani Jumamosi, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kwenye mafunzo ya kazini, ya vioo vya kisasa. Mume wake aliamini, maana ni mtu anayeamini chochote kinachoishia na cheti. Mama Mkwe hakuuliza kitu. Yeye siku hizi alikuwa akilala na vidude vya kusikilizia masikioni, akisema anafuatilia kipindi cha afya ya magoti. Ndipo Fundi alipokumbuka jinsi Mama Mkwe alivyokuwa akicheka peke yake chumbani. Magoti hayachekeshi kiasi kile.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hapa waongo walikuwa wawili, na njia zao zilikuwa zimekutana kwenye jukwaa moja.

Bado palikuwa na tumaini. Wachezaji wa Ligi hupanda jukwaani na barakoa za kitambaa, tangu shabiki mmoja alipokwenda benki kumtukana keshia kwa sababu mhusika wake alimwekea mfalme sumu. Kwa sheria iliyoanza msimu huu, barakoa huvuliwa mwisho wa msimu tu, na wanaozivua ni wale ambao wahusika wao wamebaki hai. Aliyekufa hutoka mlango wa nyuma na uso wake na siri yake.

Basi hesabu ilikuwa nyepesi. Bi Kipara akiishi, barakoa inavuliwa mbele ya Mama Mkwe, na Mama Mkwe anajua kwamba mke wa mwanawe amemfanya kichekesho cha miji. Bi Kipara akifa, Fundi anapita mlango wa nyuma, na usiku wanakula pamoja kama kawaida.

Pazia lilifunguliwa kabla hajamaliza kuhema.

Mezani walikuwa watatu. Katikati alikaa Msimulizi, mfamasia kwa kazi, ambaye anakutangazia kifo kwa sauti ileile anayokuelekezea kidonge kimoja kutwa mara tatu. Kulia kwake alikuwa Dereva wa Kreni, anayemwigiza Kapteni Ngao, mtu mwadilifu hadi anachosha, ambaye msimu mzima amekuwa akimwinda Bi Kipara. Kushoto alikaa Fundi. Pembeni, amesimama wima na tochi mfukoni, alikuwa Msimamizi wa Ligi. Siku za kazi huyu hukagua mizani za wauza nyama, na Jumamosi hukagua dadu, na hajawahi kucheka katika kazi zote mbili.

Msimulizi alieleza hali ilivyo. Bi Kipara ameiba ufunguo wa kisima cha mji, yuko juu ya mnara, Kapteni Ngao anapanda ngazi na upanga. Bi Kipara anasemaje?

Fundi alibana pua, akatoa sauti nyembamba ya kistaarabu. Bi Kipara akasema kwamba, kwa kweli, anaomba samahani kwa usumbufu, na angependa yazungumzwe.

Mtu mmoja nyuma aliuliza kama kipaza sauti kimeharibika. Mwingine akasema huyo siye, Kipara gani anaomba samahani, warudishiwe hela zao. Minong'ono ikawa kelele, kelele zikawa za miguu sakafuni, na aliyekuwa akipiga mguu kwa nguvu kuliko wote alikuwa safu ya mbele, kiti cha katikati, kwa goti lilelile bovu.

Msimulizi alifunika kipaza sauti chake kwa kiganja. Akamwambia Fundi kwa upole kwamba watu hawakupanda magari kutoka miji ya mbali kuja kumsikia karani wa mapokezi. Kama ana mafua, aseme. Kama hana, amlete Kipara.

Fundi alitazama safu ya mbele. Alitazama mlango wa nyuma. Kisha alifanya alichokuwa akifanya kila Jumamosi. Akakohoa kidogo, akasonya, msonyo wa kuanzia hapa mpaka barabara kuu.

Ukumbi ulilipuka.

"Kapteni," akasema Bi Kipara, "umepanda ngazi zote hizo kuja kuniomba ufunguo? Miguu yako haina mshauri?"

Hapo akaona jambo lililomtia baridi. Mama Mkwe alikuwa akicheka, ndiyo, machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya fulana. Lakini midomo yake ilikuwa ikicheza. Neno "mshauri" alilitamka yeye kwanza, na Fundi akafuata. Tusi lililofuata alilitamka yeye kwanza pia. Pengine ni ushabiki tu, Fundi alijiambia; mashabiki wote wanajua maneno. Ila lile tusi la pili halikuwa limewahi kusikika mezani. Mama Mkwe alilitoa Jumanne, jikoni, kwa sababu ya sufuria.

Aliona aibu. Ile ya kuogopa kukamatwa alikuwa ameshaizoea tangu nyuma ya pazia. Hii mpya ilikuwa ya mtu anayeuza mali ya wizi sokoni, kisha mwenye mali akafika na kusimama mbele ya meza.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na Fundi akaamua Bi Kipara afe, tena haraka. Misimu mitatu ya kazi, meza zote zile, watu wote wale na fulana zao za njano, basi. Alimpenda yule bibi kuliko alivyowahi kukiri, lakini jambazi wa kubuni hawezi kukunyima usingizi kama mama mkwe wa kweli anavyoweza.

Alisimama. Akatangaza kwamba Bi Kipara anaumeza ufunguo na kuruka kutoka juu ya mnara.

Dereva wa Kreni alishtuka mpaka akasahau kuwa Kapteni. "Unaruka? Chini ni mawe."

"Mwenye nyumba haombi kiti," alisema Bi Kipara, na ukumbi mzima ukaitikia naye, ingawa wengine tayari sauti zilikuwa zikiwatetemeka.

Msimulizi alivua miwani yake, akaifuta, akairudisha. Alisema kwa urefu ule, na kwa umri ule, dadu italazimika kutoa kumi na nane au zaidi. Chini ya hapo, Bi Kipara ni marehemu katika Mji wa Chumvi na katika kila meza ya Ligi, kuanzia leo.

Hayo ndiyo Fundi aliyokuwa akiyataka. Na kwa sababu aliyataka mno, alikosea kosa ambalo hata mchezaji wa wiki moja halikosei. Mbele ya kila mchezaji huwekwa sinia lililotandikwa kitambaa, ili dadu itue humo kwa adabu. Fundi alikuwa na haraka ya kuzika. Akaitupa kwa nguvu kama anayefukuza paka. Dadu ikagonga ukingo wa sinia, ikaruka meza, ikabingirika jukwaani, ikadondoka ukingoni, ikaenda zake chini.

Watu wa safu ya mbele walivuta miguu. Dadu ilizunguka, ikasita, ikalala mbele ya viatu vya Mama Mkwe.

Ligi ina sheria juu ya jambo hili. Zamani dadu zikianguka wachezaji walikuwa wakiinama chini ya meza na kuibuka na ishirini, kila mara ishirini, mpaka watu wakaanza kustaajabia sakafu. Basi ikaamriwa: dadu ya sakafuni haiguswi na mtu wa mezani. Inasomwa ilipo, na mtazamaji aliye karibu nayo, kwa sababu mtazamaji hana maslahi. Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kukutana na watazamaji.

Msimamizi alimwomba mama wa kiti cha katikati asome namba iliyo juu, kwa sauti, bila kuigusa.

Mama Mkwe aliinama.

Na sasa nisikilize vizuri, maana katika ukumbi ule, ukimtoa Mama Mkwe mwenyewe, mtu mmoja tu alijua ninachotaka kukuambia. Mama Mkwe ana miwani mbili. Moja ya mbali, ambayo alikuwa ameivaa. Kwa miwani hiyo anaona mjusi kwenye ukuta wa jirani. Nyingine ni ya kusomea, na bila hiyo hatofautishi kidonge cha dawa na kipande cha sabuni. Ile ya kusomea ilikuwa imelegea bawaba. Sasa ilikuwa imetengenezwa, imefungwa vizuri katika kasha lake, na ilikuwa chumba cha nyuma ya jukwaa, ndani ya mkoba wa Fundi, aliyesahau kuirudisha.

Kwa hiyo kadiri Mama Mkwe alivyoinama ndivyo alivyozidi kutoona. Fundi aliujua ukungu ule kwa vipimo, alivipima mwenyewe. Dadu ile kwa macho yale ilikuwa kokoto.

Mama Mkwe aliitazama kokoto kwa utulivu mkubwa. Kisha aliinua uso, akaitazama barakoa iliyokuwa jukwaani, ambayo aliiona vizuri kabisa.

"Ishirini," akasema.

Sitaeleza kelele zile. Viti vilianguka, mtu alimkumbatia mlinzi. Msimulizi akatangaza, kutwa mara tatu, kwamba Bi Kipara ametua juu ya kibanda cha muuza magodoro na yuko hai. Fundi alikaa chini. Kule mnarani alikuwa amepona, na hapa ukumbini alikuwa amekwisha.

Lakini Dereva wa Kreni alikuwa ameinua mkono. Kazi yake ni kutazama vitu kutoka juu, na hapendi kitu asichokiona. Alisema, kwa heshima zote kwa mama, anaomba dadu ikaguliwe.

Msimamizi alitoa tochi, akashuka ngazi za jukwaa. Watu walimpisha. Alipofika kiti cha katikati aliinama, akamulika, akatafuta, kisha mwanga ukasimama juu ya kiatu cha Mama Mkwe. Kilikuwa cha kulia, cheusi, kisigino kipana, kimekaa mahali palepale dadu ilipokuwa imelala.

"Mama, naomba unyanyue mguu."

Mama Mkwe alikohoa kidogo. Fundi, kule juu, alifumba macho, maana kikohozi kile alikijua kinaelekea wapi.

Ukasikika msonyo. Ulianzia safu ya mbele ukafika mlango mkuu, na watu wote ukumbini waliutambua.

"Kijana," alisema Mama Mkwe, "mwenye nyumba haombi kiti."

Hakuna aliyeitikia. Sauti ilikuwa ya Bi Kipara, ileile, ila hii ilikuwa na kitu kilichokuwa kinapungua mezani misimu yote mitatu na hakuna aliyejua kinapungua. Vichwa viligeuka kutoka kitini kwenda jukwaani, vikarudi kitini, vikaenda tena jukwaani. Hata Msimulizi aliweka kalamu chini.

Msimamizi aliwatazama wote wawili kama anavyotazama mizani iliyowekewa sumaku. Alikumbusha kwamba ndugu wa mchezaji hasomi dadu. Ikibainika amesoma, namba inafutwa, mhusika anahesabiwa amekufa, na meza nzima inafungiwa. Kisha akauliza, taratibu, na kipaza sauti cha karibu kikayadaka maneno yake yote.

"Mama. Huyo aliye jukwaani ni nani yako?"

Fundi alisubiri. Mama Mkwe hajawahi maishani kukosa kumweleza mtu undugu. Muuza mkaa akimletea gunia, huambiwa ukoo mzima mpaka wa babu.

Mama Mkwe alimtazama Msimamizi, kisha akairudia barakoa, na hakuiacha tena.

"Huyo simjui," alisema. "Mimi nina mkwe mmoja tu, na Jumamosi kama leo yuko kazini kwenye mafunzo. Aliniambia mwenyewe. Mkwe wangu hanidanganyi."

Kila neno lilipanda jukwaani na kumkuta Fundi alipokaa. Alijua sasa kwamba Mama Mkwe alikuwa anajua, na si kuanzia leo. Alilala na ile sauti masikioni, akajisikia akiibiwa wiki baada ya wiki, akacheka, akanunua fulana. Na sasa alikuwa amemkana mkwe wake mbele ya umati ili asimwangushe, kwa kutumia uongo wa mkwe mwenyewe. Mkono wake, bila kuulizwa, ukapanda nyuma ya kichwa, ukashika fundo la barakoa.

Mama Mkwe aliuona ule mkono. Akatikisa kichwa kidogo sana, vile anavyofanya mgeni akitaka kuondoka kabla ya chai.

"Basi kama humjui," alisema Msimamizi, "nyanyua mguu, mama."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema Mama Mkwe. Akanyanyua mguu, polepole, akilitaja goti.

Msimamizi alipiga goti, akamulika. Dereva wa Kreni alisogea ukingo wa jukwaa akachungulia. Safu tatu za kwanza zilisimama ili zione.

Chini ya kiatu palikuwa na sakafu tu. Dadu haikuwepo.

Mwanga ulitafuta chini ya kiti, chini ya kiti cha jirani, ukarudi. Msimamizi alisimama taratibu, akaagiza milango yote ifungwe na mtu asitoke mpaka mikoba ya safu ya mbele ikaguliwe, na waanze na huu.

Mama Mkwe alikuwa ameshaufungua mkoba wake mwenyewe, mpana, mbele ya wote. Haukuwa na dadu. Ulikuwa na leso, na tiketi, na barakoa ya kitambaa, nyeusi, mpya, ya mchezaji wa Ligi.